Nani Anapita Ndani ya Mlima?

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la idara ya hisabati, nikasaini kitabu cha mahudhurio kwa mara ya mwisho, nikapewa vitenge viwili, keki, na hotuba ndefu iliyosema kwamba nimekuwa nguzo ya shule. Ninyi walimu vijana mnaobaki mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya ubaoni. Haya, naandika. Habari za kupanda madaraja na mishahara msizitafute humu. Atakayezitaka akafungue jalada langu, kama bado halijaliwa na mchwa. Nitawaandikia kuhusu mada moja tu, mteremko wa mstari ulionyooka, na msichana mmoja ambaye nilimfunza vibaya kuliko wote. Msitegemee kucheka sana.

Mimi ni mtu wa Kyela, kwenye mpunga, ambako ardhi imelala na ukiambiwa kilomita mbili ni kilomita mbili kweli. Siku ya kwanza kuja shuleni kwetu, huku upande wa Kisondela, nilitoka Tukuyu na pikapu ya kubeba ndizi, sanduku langu la bati juu ya mikungu. Mvua ilikuwa inanyesha. Pikapu ikafika mahali ikakataa, dereva akanionyesha kilima na kusema, "Shule iko pale pale juu, dada, ni karibu tu." Kilichobaki nilipanda kwa miguu, sanduku kichwani, kwenye ngazi za udongo ambazo wenyeji walikuwa wamezichimba kwa jembe. Kila mvua zilipokaribia walizichimba upya, maana bila ngazi udongo wetu ukilowa unakurudisha ulikotoka. Nilifika viatu vimejaa tope, na nikazilaani zile ngazi kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Kumbukeni kwamba nilizilaani.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Gwakisa, mzee mwembamba mwenye koti moja la kijivu, wanafunzi wakimwita Mzee Fomula akiwa mbali. Yeye ndiye aliyenilea kazini. Alinikabidhi rula ya mbao ya mita moja iliyomeguka sentimita tatu za mwanzo. "Usianzie mwisho wa rula, binti yangu," akasema. "Anzia kumi, halafu utoe kumi." Rula hiyo nimeitumia mpaka mwezi uliopita, na ninyi sasa mtaanzia kumi, halafu mtatoa kumi, mpaka serikali itakapowakumbuka.

Alinifunza mengi mazuri: kukata chaki kabla haijapiga kelele, kuandika kuanzia kushoto juu ili wa nyuma waone, kutoligeuzia darasa mgongo muda mrefu siku ya gulio. Lakini juu ya mteremko alinifunza hivi: "Fomula kwanza. Kuelewa kutakuja kwenyewe. Mtihani haumwulizi mtoto ameelewa nini, unamwuliza amepata ngapi." Kwa hiyo tuliwaimbisha, kwa Kiingereza, tofauti ya y juu ya tofauti ya x, wakipiga madawati, mpaka mwalimu wa historia chumba cha pili anakuja kuomba amani. Watoto hawa nyumbani wanasema Kinyakyusa, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, na sasa tunawaimbia Kiingereza. Waliimba vizuri sana. Wengi wao hawakujua wanaimba nini, na mimi nilijua kwamba hawajui.

Mnajua jambo lenyewe lilivyo, lakini niliandike kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili aliyesema atasoma pia. Una pointi mbili kwenye grafu. Ya kwanza iko moja mbele na mbili juu, ya pili iko nne mbele na sita juu. Kutoka ya kwanza hadi ya pili umekwenda mbele tatu na umepanda nne. Mteremko ni kupanda kugawanya kwa kwenda mbele: nne kwa tatu. Mwalimu Gwakisa alipenda pointi za namna hiyo kwa sababu wiki moja kabla tulikuwa tumefundisha umbali kati ya pointi mbili, na umbali wa hizo ni tano kamili, hakuna desimali za kusumbua. Pointi zilezile zilifanya kazi mbili. Tuliona huo ni ujanja.

Bupe alikuja kidato cha kwanza miaka kama kumi hivi baada ya mimi kufika. Alikuwa mtoto wa mkulima wa ndizi na parachichi kule chini bondeni, mrefu, sweta la kijani limechakaa viwiko, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha: alikuwa anauliza. Si maswali ya kujionyesha. Alikuwa anauliza mpaka aelewe, akiisha kuelewa anakaa kimya siku tatu. Kwenye hesabu za kawaida alikuwa mzuri tu. Kidato cha pili, tulipofika kwenye mteremko, akaanza kukosa, na akawa anakosa kila swali. Kwenye lile la nne kwa tatu yeye akaandika nne kwa tano. Nikaweka mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Kesho yake tena, mkasi. Nikamwandikia pembeni, "Zingatia!" Neno hilo nimeliandika maisha yangu yote na sijui limewahi kumsaidia nani.

Siku hiyo ninayotaka kuwaambia, nilikuwa nimeamua kuwa mwalimu mbunifu. Tulikuwa tumetoka kwenye semina na tumeambiwa tutumie mazingira. Basi nikachora mlima ubaoni, mkubwa, na migomba miwili pembeni ili ufanane na kwetu. Nikasema mstari ni huu ubavu wa mlima. Nikachora mstari wa wima kutoka kileleni hadi chini, nikasema huku ndiko kupanda. Nikachora mstari wa kulala, kutoka mguuni mwa mlima mpaka ulipoishia ule wa wima, nikasema huku ndiko kwenda mbele. Gawanya. Nikageuka, nimejiridhisha kabisa.

Bupe akanyoosha kidole.

"Madam, huo mstari wa chini uko wapi?"

"Si huu hapa? Umevaa macho leo?"

"Nauona, Madam. Lakini uko ndani ya mlima." Akasimama, akaangalia ubao kwa makini, wala hakuwa anacheka. "Mtu anayepanda anapita hapa ubavuni. Mimi nimepima hapa, ndiyo nikapata tano. Nani anapita ndani ya mlima, Madam?"

Darasa likapasuka. Mmoja akasema panya, mwingine akasema fuko, mwingine akataja jina la babu fulani wa kijijini aliyesemekana mchawi. Madawati yakapigwa. Na mimi, jamani, niliona haya. Mlima wangu mzuri umechekwa. Sikujiuliza ile tano imetoka wapi. Nilichosikia ni mtoto wa kidato cha pili ananifanyia dharau mbele ya watu hamsini.

"Toka nje," nikamwambia. "Kapige magoti kwenye bendera mpaka kipindi kiishe. Huko utapata jibu nani anapita ndani ya mlima."

Akatoka. Kulikuwa na manyunyu, yale ya kwetu yasiyo mvua na yasiyo ukungu. Nilimwona dirishani amepiga magoti kwenye kokoto, daftari amelificha ndani ya sweta lisilowe. Kipindi kilikuwa cha dakika themanini. Niliendelea na somo.

Hakuuliza tena. Ninaposema hakuuliza tena simaanishi siku hiyo wala wiki hiyo. Alihamia dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo, na sikumsikia sauti tena zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina. Hesabu zote zikaanguka, hata zile alizokuwa anaziweza. Hakuvuka kidato cha pili. Akarudia. Mwaka uliofuata nikafungua rejista mpya, jina lake halikuwamo. Nikamwuliza mwalimu wa darasa, akasema, "Aa, yule? Ameacha. Yuko shambani kwao." Nikasema, "Mh, pole yake," nikaendelea kuita majina. Sipendi kuiandika sentensi hiyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ikaenda. Mwalimu Gwakisa akastaafu, akafariki, tukamzika kwao Kawetele kwenye mvua kubwa. Mimi nikarithi kabati na chupa yake ya chai. Kila mwaka matokeo yakija tunayabandika ukutani, na safu ya hisabati tunaitazama haraka haraka na kuihama, mnajua wenyewe. Tulilaumu shule za msingi. Tulilaumu wazazi, simu, na mtaala ulipobadilika tukaulaumu mtaala. Wakati mwingine tulikuwa na haki.

Siku ya msiba mmoja ndipo nilipoelewa nilichomfanyia Bupe. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, goti limeanza kunisumbua, tunapanda kwenda kumpa pole mzazi mmoja, wanawake tumefuatana, kila mtu na ndizi au unga wake kichwani. Tulikuwa kwenye ngazi zilezile za udongo nilizozilaani siku ya kwanza. Kwa sababu ya goti nilikuwa naangalia kila ngazi: mguu unaenda mbele, chini ni tambarare, halafu unapanda. Mbele, juu. Mbele, juu. Nikasimama. Ukizijumlisha zile tambarare zote, vipande kwa vipande, ndio ule mstari wa chini. Ndio mstari wa ndani ya mlima. Hauko ndani, uko chini ya nyayo za kila mtu anayepanda ngazi, umekatwakatwa tu. Bupe alikuwa anapanda ngazi hizo kila siku asubuhi kuja kunisikiliza mimi.

"Mwalimu, unaumwa?" wakaniuliza wa nyuma.

"Siumwi," nikasema. "Pumzi tu." Nililia pale msibani kuliko wafiwa, na watu wakanisifu kwa moyo wa huruma.

Niliporudi nilikwenda stoo. Nilikuwa na maboksi ya karatasi za majaribio ya zamani ambazo nilizitunza kwa ajili ya kuwashia jiko la mkaa, msinicheke, nani kati yenu hafanyi hivyo. Nilitafuta siku mbili. Nikaipata ya Bupe, jaribio la maswali matano, kona moja imeliwa na panya. Sifuri juu ya kumi, kwa wino wangu mwekundu, nimeizungushia duara. Nikakaa juu ya ndoo nikaisoma kama inavyotakiwa kusomwa karatasi ya mwanafunzi, yaani njia yake, si jibu la mwisho. Kila swali alikuwa amelichora kwenye grafu, mraba mmoja sentimita moja, mstari umechorwa vizuri kwa penseli. Halafu alikuwa ameupima mstari wenyewe kwa rula. Nilipotaka nne kwa tatu aliandika nne kwa tano. Nilipotaka tatu kwa nne aliandika tatu kwa tano. Nilipotaka kumi na mbili kwa tano aliandika kumi na mbili kwa kumi na tatu. Yote matano hivyo. Hakukosea kupima hata mara moja. Alikuwa amegawanya kupanda kwa njia anayoitembea mtu, kwa sababu kwao umbali ni ule miguu inaoutembea, na sisi wenyewe wiki moja kabla tulikuwa tumemfundisha kwamba umbali kati ya pointi zile ni tano. Ilihitaji sentensi moja kumrekebisha. Mtauliza, mwalimu wa hisabati mzima hukuona? Sikuona kwa sababu sikuangalia.

Baada ya hapo nilianza kuwapeleka watoto kwenye ngazi na vijiti na kamba. Wale wa mwaka wa kwanza walielewa, niliwaona machoni. Halafu mtihani ukaja kwa Kiingereza, hauna ngazi ndani, na matokeo yakawa yaleyale, labda wawili zaidi. Mwaka wa tatu greda likaja kuchonga barabara. Siku hizi bodaboda wanafika mpaka mlangoni mwa ofisi, kama mnavyofaidi, na ngazi hazipo tena. Siwezi kulalamika kwamba watu wamepata barabara. Nililalamika hata hivyo, peke yangu.

Kwa nini sikwenda kumtafuta Bupe mapema? Niliogopa. Hakuna sababu nyingine. Nilijiambia nitakwenda likizo, na likizo zikapita kumi. Wiki mbili baada ya kustaafu niliichukua ile karatasi, nikaiweka kwenye bahasha, nikatia na kalamu nyekundu kwenye mkoba, nikapanda bodaboda mpaka bondeni.

Nyumba yake iko juu ya mteremko mkali, na kutoka njiani hadi mlangoni kuna ngazi za udongo. Nilizipanda taratibu kwa ajili ya goti, nikashangaa goti halilalamiki. Ngazi zote zilikuwa sawa.

"Ee! Madam!" Alikuwa uani anapanga parachichi kwenye kreti. Akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya huku. "Shikamoo Madam. Mugonile. Karibu, karibu ndani, jamani umezeeka!"

"Marahaba. Wewe hujazeeka. Bupe, ngazi hizi amekuchimbia nani?"

"Nimechimba mwenyewe. Nina kijiti changu. Pa kukanyaga naweka vijiti viwili, pa kupanda kijiti kimoja. Ukizidisha hapo watoto wanateleza na mimi na mikungu yangu nashindwa."

Nikavuta kigoda nikakaa. "Hiyo ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Vijiti viwili mbele, kimoja juu. Mteremko wako ni nusu. Hiyo ndiyo ile niliyokuwa nakufundisha, unaijua kabisa!"

Akacheka kwa adabu. "Aa, Madam naye. Hizi ni ngazi tu."

Nikamweleza yote. Mlima wa ubaoni, swali lake, bendera, manyunyu, ngazi za msibani. Nikamwambia swali lake lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na kwamba nilimpigisha magoti kwa sababu ya swali hilo, na kwamba naomba anisamehe. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi haya maneno miaka mingi. Alinisikiliza kichwa kimeinama kidogo.

"Nilisema hivyo mimi?" akauliza. "Sikumbuki, Madam. Wala adhabu hiyo siikumbuki, tulikuwa tunapigishwa magoti kila siku." Akafikiri, akitaka kunisaidia. "Nakumbuka tu kwamba hesabu zilinishinda. Sikuwa na kichwa hicho. Lakini ulikuwa mwalimu mzuri, ulikuwa unajitahidi kweli."

Nikatoa bahasha. Nikamwonyesha karatasi, nikamwonyesha mistari yake ya penseli, jinsi ilivyonyooka. Nikatoa na kalamu. "Nataka nisahihishe upya," nikasema, "mbele yako."

"Ya nini, Madam? Unanionea huruma tu. Usijisumbue." Akaichukua ile karatasi kwa upole kutoka mikononi mwangu kabla sijaandika kitu. Aliitazama. Hakutazama mistari. Alitazama lile duara jekundu, akaangua kicheko, akageukia mlangoni ambako binti yake wa darasa la sita alikuwa amesimama na daftari, anatuangalia.

"Njoo, njoo uone! Mama yako, sifuri juu ya kumi. Madam mwenyewe ameitunza miaka yote hii." Akamkabidhi. "Si nilikwambia? Sisi kwetu hesabu hatuna. Usihangaike nazo."

Mtoto akaisoma karatasi juu mpaka chini. Nilimwona mabega yakishuka, akapumua, akacheka na yeye, akalifunga daftari lake la hisabati akaliweka juu ya kreti. Bupe akaenda kuniwekea chai. Nilimwita yule mtoto aje nimwonyeshe mistari, akasema kwa heshima kabisa, "Asante Madam, nimeshaona," akatoka kwenda kucheza.

Nilikunywa chai, nikala ndizi, nikaambiwa ndaga fijo, asante sana, kwa kuwatembelea, nikafungiwa parachichi sita za kwenda nazo. Karatasi ilibaki kwao. Nilishuka nikizihesabu ngazi. Zilikuwa ishirini na tatu, zote sawa, mbili mbele, moja juu.